Sanamu za Mwende

Jumatano, Nunguni

Mzee wa kanisa mzima, na leo nimesingizia mtoto.

Maombi ya kikundi cha kanisa ilikuwa kwangu. Mama Kioko akaona kabati yangu ya kioo, na ndani wale wasichana wa plastiki wa katuni za Kijapani, nywele ya bluu na panga mkononi.

"Mzee, hizi sanamu ni za nani?"

"Za Mwende."

Binti yangu alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini. Wote wakamwekea mikono wakiomba aachane na sanamu. Amina yangu ndiyo ilikuwa kubwa. Shujaa wa imani.

Walipoenda, Mwende akazipakia kwa katoni.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa room yangu, baba. Si ni zangu?"

Nilitaka kumwambia azipanguse na brashi laini, si kitambaa. Lakini mimi nitajuaje mambo ya sanamu?