Kamba Zilizokaa Mguuni Mwako

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama. Siku tuliyokuzika nililia kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yako.

Bibi husimulia kwamba ulipovunjika mkono utotoni, mganga alihamia nyumbani kwetu. Kila asubuhi alilegeza kamba, akakukanda kwa dawa na kukuchezesha vidole. Hakuondoka mpaka ulipopona. Lakini ulipoanguka kutoka juu ya lori la pamba la wale wanunuzi wapya, alikuja mganga wa siku hizi, wa pikipiki. Alikufunga mguu kwa vijiti na kamba, akaacha chupa tatu za mizizi iliyochemshwa.

"Hii inasukuma damu kwenye mishipa," alisema. "Wewe lala tu, mzee. Dawa itatembea kwa niaba yako."

Akaenda kuuza chupa nyingine mnadani Mwanhuzi. Na kwa kuwa kwetu kamba za mganga hazifunguliwi na mtu mwingine, eti mfupa utakataa kuunga, ukalala wiki baada ya wiki ukimsubiri.

Mguu ulivimba, ukawa wa moto. Nilijikaza nikakwambia nilichosoma kwenye kitabu cha baiolojia: damu ya miguuni hupandishwa na misuli inapofanya kazi, na mtu asipojongea inaweza kuganda.

Ulicheka. "Ng'wanone, mwanangu, hicho kitabu kimeunga mifupa mingapi?"

Baba mdogo naye akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikarudisha kitabu begini.

Asubuhi moja ulisema kifua kinabana. Kabla uji wako haujapoa, ulikuwa umekata roho. Hukupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kilichokuua. Lakini msibani watu walimtafuta mchawi, na hakuna aliyeuliza habari za zile kamba! Mganga alikuja kula ubwabwa wa msiba wako, akanawa, akaondoka.

Sina ugomvi na mizizi, Baba. Bibi hutuchemshia, tunapona. Ninachokasirikia ni mtu kuuza chupa badala ya kutumia mikono yake, na nyinyi wakubwa kumtii hata asipokuwepo.

Sasa bibi ameteleza kisimani, amevunjika mguu. Baba mdogo amemwita yuleyule, naye ameufunga, ameacha chupa, ameondoka. Jana nilibonyeza mguu wa bibi, kidole changu kikaacha shimo.

Leo asubuhi baba mdogo alipokwenda shambani, nilichukua wembe.

"Atatuua huyo baba yako mdogo," bibi alisema.

"Atanipiga mimi, bibi. Tulia."

Nilikata kamba zote. Mama alisimama mlangoni, hakunizuia. Alikwenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Tulimlaza bibi juu ya godoro, tukampeleka hospitali ya Bariadi. Daktari yuko naye ndani. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje, na baba mdogo ameshafika getini.

Binti yako mkubwa