Kitanda cha Chini

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefua, nimeanika, nimerudi kwenye ugomvi ule ule. Chumba kimoja, wasichana wanne wa mwaka wa kwanza, dabodeka mbili. Nimepangiwa juu. Chini yangu yupo Editha wa Mjimwema. Nimemwomba tena tubadilishane. Anasema mama yake ndiye aliyemtandikia pale, haondoki. Sababu sikumpa. Nina kifafa. Hakiji mara nyingi, lakini kinakuja, na kitanda cha juu hakina kingo.

Jumanne, 5 Novemba
Kwa matroni, foleni ya wanaotaka kuhamishwa. Shikamoo, marahaba, na kabla sijamaliza sentensi akasema kila mtu anataka chini. Nikatoka. Mama kapiga simu kutoka Namtumbo: usimwambie mtu, mwanangu, watakukimbia. Rahisi kusema. Yeye halali juu.
Nimeshusha godoro sakafuni.

Alhamisi, 7 Novemba
Ukaguzi. Godoro sakafuni ni marufuku. Matroni kaliburuta mwenyewe hadi kwenye korido, watu wakitazama. Editha kacheka. Eti najidekeza. Halafu nikaenda kumeza vidonge vyangu chooni, kama mwizi. Nimechoka kujificha. Nimechoka kuomba.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimesema.
Nilifunga mlango wa ofisi, nikabaki nimesimama. "Nina kifafa. Nikianguka kutoka kule juu naweza kufa." Matroni akavua miwani. Akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamwambia hakunipa nafasi. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Hakukasirika. Alikuja nami chumbani, akamwambia Editha apande juu. Editha akataka kujua kwa nini yeye. Matroni akanitazama. Basi nikasema mwenyewe, mbele ya wote.
Hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 9 Novemba
Editha amehama chumba. Ndoo tuliyokuwa tunatumia wote ameichukua, nikamwona bombani anaisugua kwa mchanga na sabuni. Eti povu la kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Nilimfuata nikamweleza, hakusimama kunisikiliza. Veronika, wa juu kwenye dabodeka ya pili, naye kabeba godoro lake, kamfuata. Hata kuaga hakuaga.
Kitanda cha chini ninacho sasa. Nimekilalia mchana kutwa nikilia. Sina furaha hata chembe. Mama kapiga mara mbili, sikupokea. Atasema alinionya. Na kweli alinionya, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Misa sikwenda.
Zuhura amebaki. Ni yule wa kitanda cha chini, upande wa pili. Kimya sana, akimaliza swala yake anasoma. Tangu tufike hatujazidi salamu. Leo alimwaga maharage kwenye ungo, akanisogezea nusu tuchambue. Tukachambua. Baadaye akauliza, macho kwenye ungo:
"Kikikuanza, nifanye nini?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia. Ondoa vitu vigumu karibu yangu. Nilaze kwa ubavu. Usinishikilie kwa nguvu, usinitie kijiko mdomoni. Kaa nami mpaka nizinduke.
Akayarudia yote polepole. La kijiko akaliuliza tena, maana kwao wanatia kijiko. Nikamwambia hapana, usitie.
"Haya," akasema.
Akatupa jiwe moja dirishani, akaendelea kuchambua.