Kikombe Alichokiona Ambakisye

Tunduma

Dada Gwantwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa magunia ya malori. Huko Ibaba hamjambo? Baridi imepungua? Binti yangu Ikupa bado anakohoa?

Dada, wiki hii nilihisi nafuatwa. Nikasimama kwenye kibanda cha chapati, nikamwona binamu yetu Ambakisye amejibanza nyuma ya lori, na urefu wake ule. Nilipombana akasema umemtuma wewe, kwa kuwa nikija nyumbani mchana jioni naondoka, na kwenye harusi ya mdogo wetu Sadoki nilikataa pombe kama niliyekatazwa na mganga. Akasema amechungulia getini akaona watu waliokonda wamepanga mstari, kila mmoja anakunywa kikombe kidogo, kisha anatamka neno ndipo anaachiwa. Akaniuliza hicho ni kiapo cha nani. Tena akasema shule zikifungwa hutamleta Ikupa kwangu mpaka nijitoe kwenye chama hicho.

Si chama, dada. Ni kliniki. Ile malaria yangu isiyoisha haikuwa malaria. Nilikuwa navuta unga, yaani heroini, na nikiukosa, arosto, yale maumivu ya kuukosa, inanikunja tumbo na mifupa. Kikombe kile ni dawa, wanaiita methadoni. Hata mimi niliishuku, nikaona wanatutoa kwenye sumu hii kutuingiza kwenye nyingine. Lakini walinipandishia dozi polepole, arosto ikaondoka, hamu ya unga ikalegea. Sasa napakia mizigo na akili yangu ninayo. Inanywewa kila siku mbele ya nesi, ndiyo maana silali Ibaba. Ukichanganya na pombe inaweza kukukata pumzi. Na huko kanisani wasinishauri niiache. Nikiiacha ghafla nitarudi kwenye unga. Siku ya kupunguza tutapanga na daktari.

Nesi naye hatuamini. Wapo wanaoificha mdomoni wakaiuze nje, basi ukishameza lazima useme kitu. Mimi husema kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, naye hunikazia macho akidhani namtukana.

Ambakisye alikuwa mbali, hakusikia ninachotamka. Mlete Ikupa, msimame karibu. Si kiapo; kila asubuhi nikishameza namtaja Ikupa, namuuliza ameamkaje.

Msalimie shemeji na majirani wote, hata wanaonisema. Baridi isiwazidi.

Ni mimi mdogo wako,
Aliko