Dari Niliyoipiga Mimi

Jumatatu, 3 Februari
Joto! Nimeoga mara tatu na bado nanata. Dada kapiga simu — Baba ameruhusiwa kutoka hospitali, Ijumaa analetwa kwetu. Daktari kasema mshono usilowe jasho, chumba kiwe na hewa. Na asipande popote, asinyanyue kitu, nyundo asiiguse. Seremala wa miaka arobaini kazini! Dada anasema haongei siku hizi, analala akiutazama ukuta tu.

Chumba chenyewe ni kile cha nyuma. Dari yake niliipiga mimi. Mwaka juzi Baba alisema atakuja aipige, nikamwambia pumzika mzee wangu, kazi ndogo hiyo. Mimi, karani wa ofisi ya maji! Hata nyundo niliazima.

Nimenunua mapangaboi mawili, feni za kuning'inia darini, la sebuleni na la kwake. Fundi umeme anakuja kesho.

Jumanne, 4 Februari
Fundi ni mtu wa maneno machache. La sebuleni limepanda kabla chai haijapoa. Mke wangu kakaa chini yake, akagoma kuinuka.

Tukaenda chumba cha nyuma. Akagonga dari kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena. Mbao ziko wapi, bosi? Nikamjibu papo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua: kila baada ya futi mbili! Uongo mtupu. Sikumbuki hata ubao mmoja. Nikamwonyesha — hapo. Drili ikazama kama kwenye mkate. Basi hapo. Ikazama. Mara ya tatu vumbi lote likanimwagikia usoni. Mke wangu alikuwa mlangoni, akaenda kuleta ufagio. Afadhali angecheka.

Fundi akapanda darini na tochi. Akashuka akijifuta jasho: kuna fito tu huko, hata paka anapaswa kupita kwa adabu. "Bosi, mimi situndiki pangaboi kwenye matumaini." Anataka ubao mnene, kutoka boriti hadi boriti, ufungwe kwa bolti. Akauliza nani aliyepiga dari hii. Nikasema fundi mmoja hivi, alishahama mji.

Jioni nimemsikia mke wangu akimwambia dada kwenye simu kwamba fundi huyo hajahama, yupo, na anakula hapa hapa.

Jumatano, 5 Februari
Mke wangu kasema tuite seremala. Seremala wa nini? Ubao si ubao tu! Nimeomba ruhusa kazini, nikanunua ubao, nikapanda nao darini. Kule juu ni tanuri. Bolti zinataka matundu, matundu yanataka drili, na drili sina. Nimepiga misumari minne. Minene, lakini. Kidole gumba kimekuwa cheusi, kimevimba, na usiku huu ndicho ninachoandikia.

Alhamisi, 6 Februari
Fundi kapanda, kaona, kashuka, kafunga begi lake. Hakunigombeza hata kidogo, hilo ndilo limeniuma zaidi. Atapita Jumamosi saa nne, halafu anasafiri wiki mbili. Seremala wa mtaani ana kazi hadi mwezi ujao.

Ijumaa, 7 Februari
Baba amefika. Shati ni lile lile, yeye ndiye aliyepungua ndani yake. Tumemlaza, akageukia ukuta. Nikakaa kitandani kumpepea kwa kipande cha boksi la pangaboi. Ndiyo, boksi! Pangaboi lenyewe liko chini ya kitanda.

Baadaye akalala chali. Akayaona matundu matatu. Akayatazama muda mrefu.

Nani kapiga hii?

Yule fundi aliyehama alikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini macho ya Baba! "Mimi, Baba."

Tumbo likaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikaruka kumwita mke wangu. Kumbe anacheka! Anacheka huku kashika mshono, ananisihi nisimchekeshe, na mimi sijasema neno. Nimeona haya na furaha kwa pamoja, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Alipotulia akasema, bila hasira: "Nilikaa nikingoja uniite."

Nilidhani namhurumia. Kumbe nilimfukuza kazi.

Jumamosi, 8 Februari
Naandikia darini. Penseli ya Baba. Mke wangu kaenda dukani kuleta bolti, drili tumeazima kwa jirani, fundi yuko njiani. Baba kaamka kabla yetu sote, kamaliza sahani yake, kadai kiti. Yuko chini, katikati ya chumba, ananigongea dari kwa mpini wa ufagio, kosa langu analijua kwa mlio tu.

Ng'oa huo msumari! Shika nyundo mwishoni, hiyo si kijiko! Nani kakufundisha? Nikamwambia hakuna, ndiyo shida yenyewe. Akacheka tena.

Huko juu kuna joto?

Sana, Baba!

Vizuri.

Akaniambia nipime kati ya boriti na boriti. Nikapima, nikamsomea. Soma tena. Nikasoma tena — nikapata namba nyingine. Ufagio umeanguka. Kiti kimekwaruza sakafu. Nimemwita mara mbili, hajibu.

Ngazi inatikisika.

Mungu wangu, anapanda! Mke wangu hajarudi, fundi hajafika, mshono haujamaliza hata wiki mbili. Nikimwambia ashuke, ni yale yale ya mwaka juzi. Nikinyamaza, dada ataniua, na atakuwa na haki. Pole pole anakuja, anapumzika kila kipandio. Kichwa kimeshatokeza, mvi zote vumbi.

Hata hanitazami. Anautazama ubao. Ameninyooshea mkono, anataka nyundo.