Umejaza Maji?

Jumamosi, 11 Januari

Mpira wa maji umeganda tena. Mgumu kama fimbo. Kwa hiyo madumu. Kutoka bomba la gatini mpaka botini tunakoishi mimi na babu, mawili mkono huu, mawili mkono ule, na chini barafu tupu. Nani mwingine Stockholm nzima anaweza? Hayupo.

Babu Idi kasimama mlangoni na kofia yake ya manyoya. "Umejaza maji?" Kila asubuhi swali hilohilo, na madumu anayaona. Nikamjibu sijajaza, nabeba hewa. Akaniita profesa wa kidato cha pili. Nikamwita zee la makumbusho. Ndo salamu zetu. Mama akija akatusikia anaziba masikio, kana kwamba kwao Tanga babu na mjukuu hawataniani.

Jumapili, 12 Januari

Jua! Nilishasahau rangi yake.

Jua likitoka kazi zote zinakufa, ndo sheria ya chombo hiki. Tukapanda kivuko cha abiria, tukakaa nje juu kabisa, chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu. Wazungu wote wamefumba macho, nyuso juu, wametulia kama mijusi ukutani. Sisi pia. Babu anaita kuota jua, anasema ndo dawa pekee ya nchi hii. Barafu inavunjika chini yetu, krrr, krrr.

Mfanyakazi wa kivuko akamwuliza kitu. Babu akamjibu kwa Kiswahili. Nikacheka sana. Nilidhani utani.

Jumanne, 21 Januari

Si utani.

Birgitta wa boti ya jirani kaja na keki. Wamejuana na babu tangu sijazaliwa, kutwa wanagombania kamba za kufungia boti, kwa Kiswidi. Leo babu kamtazama tu. Kisha kamwambia kwa adabu zote, "Karibu mama. Sema na mjukuu wangu, mimi lugha yenu siijui."

Lugha yao! Mtu kaja hapa kijana kujifunza ufundi mitambo, kazeekea kwenye meli zao. Birgitta akaniangalia. Nikamtafsiria kwamba babu kachoka. Muongo hodari mimi.

Daktari alishatuambia: kumbukumbu zinaondoka, na kilichoingia mwisho kinaweza kutoka mwanzo. Kiswidi kinamtoka. Kimebaki kidogo cha matusi. Hicho bado fasaha.

Jumamosi, 1 Februari

Jua tena, na baridi ya kukata masikio. Birgitta katuazima kiti chake cha barafuni, kile chenye vyuma viwili virefu chini, unasimama nyuma unasukuma kwa mguu. Babu nimemfunga mablanketi matatu. Tukaingia ziwani, sehemu ya ufukweni wanapopita watu na mbwa wao. Nikakimbia. Niliwapita wazee, nikawapita watoto, nikampita jamaa mmoja kavaa nguo za mashindano. Aliona kisogo changu tu.

Babu anacheka mpaka machozi yanaganda. "Taratibu we mwehu, nina mke nyumbani!"

Bibi alikufa mimi nikiwa mdogo. Nikapunguza mwendo.

Siku nzuri kuliko zote. Naiandika isije ikanitoka na mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeamka kitanda cha babu kitupu. Mlango wazi. Asubuhi nyeupe, kimya.

Yupo kwenye barafu. Ndala na pajama. Dumu mkononi. Anakwenda katikati, kule kivuko kinakopasua njia.

Nilimfuata kwa tumbo, natambaa. Barafu inalia chini yangu. Nikamshika kifundo cha mguu. Kanigeukia, kakasirika kweli. "Nachota maji. Wewe si umelala?"

Niliogopa. Nilijikojolea. Hakuna atakayesoma hapa, acha niandike.

Jumatano, 12 Februari

Mama kaja moja kwa moja kutoka kazini Kista, bado kavaa nguo za kazi ya usafi. Birgitta ndo kamwambia. Babu anakwenda nyumba ya wazee, karibu na mama anakoishi, Fittja.

Nikampigia mama kelele. Nikamwambia babu ni wa botini, kule atakufa. Mama hakupandisha sauti.

"Mwanangu, ukilala, nani anamlinda?"

Nikaenda kukunja nguo za babu. Mimi, na mdomo wangu wote huu.

Jumatatu, 24 Februari

Chumba chake kina joto, kitanda kinapanda na kushuka. Dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa. Babu hajaona maji tangu ahamie.

Muuguzi anaitwa Lina. Msichana mwema. Kanipokea anatabasamu: babu yako anapenda sana mwezi wa Mei! Kutwa anautaja. Sisi tunamjibu, ndiyo, hivi karibuni utafika. Wamemwekea hata maua ya karatasi mezani.

Mei! Kwa Kiswidi Mei ni "maj", masikioni mwao karibu sawa na maji.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maji, jamani! Mzee anaomba maji, anapewa kalenda! Nikamweleza Lina, maskini akawa mwekundu. Nikachukua karatasi kubwa nikabandika ukutani juu ya kitanda: MAJI = VATTEN. Profesa wa kidato cha pili kafundisha nyumba nzima.

Kwenye lifti kicheko kikakatika chenyewe. Alikuwa anaomba, wao wanamwambia subiri Mei.

Jumapili, 2 Machi

Glasi za maji dirishani. Nyingi. Zimejaa mpaka juu. Jua linazipiga, ukuta mzima unacheza.

Lina kasema kila akiomba wanampa, anaisukuma, anaomba tena. Kakonda babu. Mkono wake umekuwa mwepesi.

Nikamsogezea glasi mdomoni. "Babu, maji haya hapa." Akafunga mdomo kama mtoto. Akanivuta shati, karibu kabisa.

"Umejaza maji?"

Ya botini.

Hakuwa na kiu. Alikuwa ananiuliza mimi. Siku zote hizo analala hapa anawaza madumu, anawaza mimi niko kule peke yangu bila maji, anamwuliza kila anayepita. Wanamjibu Mei. Halafu mimi, mjuaji, nikawafundisha kumpa glasi.

"Nimejaza, babu. Madumu yote."

Utani haukunijia. Akaniachia shati, akalala palepale.

Ijumaa, 7 Machi

Karatasi ya zamani nimeichana. Mpya inasema: akisema maji, mjibuni NIMEJAZA. Lina kafanya mazoezi mbele yangu. "Nimeyaza." Nikamwambia anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Haidhuru. Babu akisikia anaitikia kwa kichwa, kisha anakunywa hata uji.

Jua lilikuwepo. Tukamtoa kwa kiti cha magurudumu mpaka ufukweni Fittja, mimi na mama. Barafu imekuwa nyeusi, imeanza kuoza pembeni. Tukafumba macho wote watatu. Mama pia. Sijawahi kumwona mama amekaa bila kufanya kitu.

Jumanne, 18 Machi

Babu amekufa. Alfajiri.

Lina alikuwa naye. Kanipigia mwenyewe. Kasema aliuliza, na yeye akamjibu.



Jumatano, 26 Machi

Vibali vya huku vimechukua siku nane, leo ndo tumemwosha. Shehe akanipa kopo, akasema mjukuu amwagie.   Kumwagilia maji najua, ndo kazi yangu.

Baridi kaburini. Birgitta alikuja na kitambaa kichwani, kakifunga vibaya. Alilia kuliko sisi.

Nimerudi botini. Hakuna aliyeuliza kitu.

Alhamisi, 1 Mei

Mei imefika, kama walivyomwahidi.

Sikukuu, gati kimya. Ziwa liko wazi lote. Nimeunga mpira kwenye bomba. Ukakohoa, ukatema kutu, ukakohoa tena, kisha maji. Madumu nimeyaweka chini kabisa, nyuma ya kuni.

Birgitta kaniuliza kutoka kwake kama kamba zangu ziko sawa. Nikamwambia ziko sawa kuliko zake.

Tangi lilijaa likamwagika sitahani. Sikukimbilia kufunga bomba. Nilikaa mlangoni, na kofia yake, nikaota jua.

Nimejaza, zee la makumbusho.