Kumi na Mbili, Zote Zipo

Nyumbani, kwenye meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Hujambo? Mumeo hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kijiko kimoja wakati vijiko vimejaa kabatini? Natumaini kikohozi ulichokitaja kimepona. Kama hakijapona, nenda ukapimwe, usijitibu kwa kubahatisha.

Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua ngazini tu. Mama yako ameanza kula vizuri, na juzi alinisema kwa kuunguza sufuria yake, nikajua kwamba wifi yangu anarudi taratibu katika hali yake.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Sikuijibu upesi kwa sababu uliniuliza jambo moja ambalo sikutaka kulijibu nusunusu. Uliuliza kwa nini kituo cha afya kilikosa dawa ya kumzindua baba yako, wakati mimi shangazi yako ndiye ninayefuatilia mradi wa Serikali unaozileta dawa hizo. Baada ya mazishi nilikuambia kwamba zilikuwa zimeisha. Ndivyo mganga mkuu wa kituo alivyoniambia, nami nikakubali kwa kuwa nilikuwa nalia.

Hazikuwa zimeisha. Nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho.

Unaijua kazi yangu kwa juujuu tu. Watu wanaoandikiwa vidonge vikali vya maumivu, kama kaka yangu na mgongo wake ulioharibikia juu ya mapaa ya watu, wengine huongeza dozi wakiona maumivu hayatulii. Usingizi unakuwa mzito, pumzi inafifia. Serikali ikatoa fedha, kila kituo kikapewa chupa kumi na mbili za dawa ya kupuliza puani. Ukimpulizia mtu mapema, anazinduka. Mimi huzunguka na fomu kuona kama mradi unafanya kazi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kituo cha mtaani kwetu. Nilikuwa nimekikwepa tangu msiba, nikimtuma mwenzangu. Ukutani, juu ya benchi lile la mbao alipolazwa baba yako, wametundika cheti chenye fremu: kituo bora cha mradi.

Mtunza stoo wao tunamwita Makufuli, kwa sababu funguo zake zinasikika kabla yeye hajatokea. Alinifungulia kabati la chuma kwa madaha. Chupa zilikuwa zimepangwa mistari miwili, lakiri hazijaguswa. Nikahesabu. Kumi na mbili.

Nikamuuliza, siku ile ya kaka yangu zilikuwa ngapi?

"Hizi hizi, mama. Kumi na mbili. Tangu ziletwe haijawahi kupungua hata moja."

Alisema hivyo kwa fahari, mwanangu. Hakuwa ananificha kitu. Alidhani nitampongeza.

Muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyenimalizia. Ni yule mfupi, aliyekuja kutuoshea vyombo msibani. Alisema, "Mzee alifika anapumua. Nilitaka kabati lifunguliwe, ufunguo haukuwepo. Nikampigia huyu simu mara sita, imezimwa. Mganga mkuu akatuambia tuseme zimeisha, ili tusionekane wazembe."

Ufunguo ulikuwa wapi? Ulikuwa semina. Makufuli aliitwa kwenye semina ya siku moja ya utunzaji bora wa dawa, akaenda na funguo zake zote mfukoni. Na aliyekuwa mbele ya ukumbi akifundisha, aliyewaambia washiriki wazime simu, ni mimi. Alikaa mstari wa kwanza, akiandika kila ninachosema. Mimi habari za kaka yangu nilizipata wakati wa chai. Nilitoka mbio nikampita mlangoni ameshika kikombe.

Nilitaka kumchukia Makufuli, nikashindwa. Aliniuliza kwa upole, "Si nyinyi mliosema zikipungua tutahojiwa?" Ni kweli tulisema. Fomu ina mistari miwili: zilizopokelewa na zilizopo. Zikilingana, kituo kinapata alama zote. Kanuni hiyo niliiweka mimi miaka miwili iliyopita, kwa sababu dawa zilikuwa zinachotwa stoo na kuuzwa mitaani. Niliogopa wezi, nikasahau wagonjwa. Kwa hiyo kituo ambacho hakijamwokoa hata mtu mmoja ndicho kilichoongoza, na cheti kile kina sahihi yangu.

Nimetembelea vituo vingine vinne tangu siku hiyo. Vitatu ni yale yale. Kimoja wamezifunga chupa ndani ya boksi, boksi ndani ya kabati, kabati ndani ya chumba, na kila mlango una mtu wake. Nilisomewa taarifa ya mafanikio kurasa kumi na moja, huku mhasibu akinisukumia sahani ya biskuti. Sikugusa. Najisikia kinyaa, mwanangu. Nawaonea kinyaa wao na makabati yao, na nikijitazama kwenye kioo, kinyaa hakipungui.

Bosi wangu nilimpelekea maelezo kwa maandishi, jina la marehemu likiwemo. Akanipa pole tena, kisha akasema fomu haibadilishwi bila kikao cha kamati, na kamati haina tarehe. Halafu akaniletea taarifa ya mwaka niisaini. Imesema mradi umefanikiwa kwa kuwa hakuna upotevu. Sijaisaini. Ipo hapa mezani, nimeiwekea kikombe cha chai juu yake.

Nilichofanya ni kidogo. Nilirudi pale kituoni, nikamwomba Makufuli azitoe chupa zote. Tukaziweka kwenye droo ya meza ya mapokezi, droo isiyo na kitasa cha ufunguo. Makufuli aliniomba nimwandikie karatasi kwamba zikipotea lawama ni yangu. Nikamwandikia. Cheti nilikishusha mwenyewe, muuguzi akanishikia kiti.

Ijumaa hesabu ya wiki ilinifikia ofisini. Bosi ameizungushia kalamu nyekundu na kunitaka nieleze upotevu. Zilizopokelewa kumi na mbili, zilizopo kumi na moja. Nilimpigia muuguzi. Ni mama mmoja fundi cherehani, mgonjwa wa nyonga, aliletwa na jirani yake saa nne asubuhi midomo imeshabadilika rangi. Saa saba alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, anawagombeza kwa kumpotezea kiatu.

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia, kwa sababu ilikuwa rahisi kiasi hicho. Droo tu, mwanangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Kama una hasira, niandikie hasira hiyo, nitaisoma. Mama yako nilimweleza kabla yako. Siku mbili alikula chumbani kwake, ya tatu akanifokea kuhusu sufuria.

Nisalimie mumeo na mama mkwe wako, na wabusu mapacha kwa niaba ya bibi yao huyu. Binamu zako wanakusalimu, na mdogo wako anasema picha zilifika. Mungu akulinde huko uliko, na akuweke karibu na watu wanaoacha milango wazi.

Mimi shangazi yako, nikupendaye kama nilivyompenda baba yako.

Nimekumbuka: bosi alitaka maelezo ya chupa iliyopungua, nami nimeshamwandikia. Nimeandika, "Imetumika."