Kabati la Mninga Lililonyeshewa

Baba,

Shikamoo. Mkono bado unataka kuandika "natumaini hujambo," kama nilivyokuandikia nikiwa bweni, kisha nakumbuka.

Nina kosa la kukuambia, na sitalizungusha. Kabati lako la mninga lilinyeshewa mvua, na aliyesema litolewe nje ni mimi.

Siku ya msiba wako watu walijaa hapa Nyamigogo mpaka barabarani. Baba Mdogo akasema vyombo vyote vitoke sebuleni, zitandikwe nyasi, kina mama wapate pa kukaa. Viti vikatoka, meza ikatoka. Akaniuliza, "Na kabati la mzee?" Nikajibu litoke tu. Nilikuwa natafuta sufuria za kupikia waombolezaji, Baba, sikufikiri. Mvua ikanyesha siku mbili. Tulipoondoa matanga tukalirudisha ndani limelowa, limefungwa, na koti lako la kahawia bado limo.

Hapo Mama akachukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. "Lisifunguliwe," akasema. "Harufu yake imo humo, na ikitoka hairudi." Nani angebishana naye? Na ukweli ni kwamba hata mimi sikutaka itoke.

Nikarudi Nyakanazi kwenye kibanda changu cha chakula. Kila Jumamosi nilipokuja nyumbani nilikuta milango imezidi kuvimba, na chini, karibu na miguu, weupe wa ukungu unapanda. Nikifuta kwa kitambaa kikavu, unarudi. Ulinifundisha kwamba mbao iliyolowa hupewa hewa kivulini, milango wazi, polepole. Si muhogo, haianikwi juani. Nilijua la kufanya, ila sikuthubutu kumwomba Mama ufunguo. Kaka Deus akasema tulipasue kuni tununue la vioo. Nilimtukana, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita Mama mwenyewe aliniita. "Mwanangu, kabati linaoza. Mzee wangu asingekubali." Akafungua fundo la kanga. Mlango ulikuwa umekwama, tukauvuta wote wawili.

Baba, harufu yako haikuwamo. Tulikutana na ukungu tu. Koti limeota madoa ya kijani mabegani. Miezi mitatu mizima tulikuwa tunalinda ukungu! Mama akakaa chini, koti mapajani. Na mimi, ambaye makaburini walinisifu kwamba nimejikaza, nililia mpaka jirani akaja mbio kuuliza ni nani tena.

Tukaliacha wazi wiki nzima. Jana nimekuja na nta ya nyuki kutoka Nyarubungo. Nikaiyeyusha kwenye kopo, kopo ndani ya maji ya moto, halafu nikaenda uani mbali na jiko kuongeza tapentaini kidogo ya kuilainisha, kama ulivyokuwa ukifanya. Kabla sijaanza, Mama akaninyang'anya kitambaa. Unajua hakuwahi kukigusa, kazi ile ulikuwa humwachii mtu. Akasugua taratibu kufuata nyuzi za mbao, mlango mmoja, kisha wa pili. Alipomaliza akainusa mikono yake. Akainusa tena.

Nilipoleta maji ya kunawa tule, alikataa. Alikula ugali kwa kijiko.

Kwa hiyo nakuaga hapa, Baba. Madoa ya mvua hayatatoka yote, na mlango wa kushoto umepinda, hautafunga tena kama zamani. Nisamehe. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: maadamu ningali mzima, nta haitakosekana nyumba hii, na Mama nitamwachia kitambaa. Pumzika, mzee wetu.

Binti yako,
Advera